Mke wa Mchezoni na Mke wa Nyumbani
Mafundisho kwa wakatekumeni juu ya michezo ya televisheni na ndoa



Bwana wetu Yezu Kristu alipowafundisha watu wa Galilaya alitwaa mifano yake katika nyumba zao. Alisema habari za mwanamke aliyepoteza sarafu moja, akawasha taa na kufagia nyumba yote mpaka akaiona. Alisema habari za mwanamke atiaye chachu katika unga. Alisema habari za mjane aliyemwendea hakimu mara kwa mara bila kuchoka, hata akapewa haki yake. Watu waliomsikia hawakuwa na haja ya kuuliza wanawake hao ni nani, kwa maana kila mmoja aliwajua: mama yake, dada yake, mke wake, jirani yake. Kwa njia hiyo mtu alisikiliza habari aliyodhani ni ya mwingine, na mwishowe akaona kwamba ni yake mwenyewe.

Siku hizi watu wa Shituru, umeme ukiwapo, hukaa jioni mbele ya televisheni, au huizunguka simu moja, wakitazama michezo ya kuigiza yenye kusimulia mambo ya nyumba: mume na mke, mkwe na mavyaa, mshahara uliopotea njiani, mwanamke wa pili aliyefichwa. Wanawake hucheka na kusema, "Huyu ni mimi kabisa." Wanaume wengine hukunja uso na kusema kwamba televisheni yaharibu wake za watu. Basi yafaa mkatekumeni ajue namna ya kuipokea michezo hiyo, maana anajiandaa kwa ubatizo, na pengine kwa sakramenti ya ndoa, na neno lolote liingialo nyumbani mwake lagusa maandalizi hayo.

I. KANISA NA TELEVISHENI

Wako wanaodhani ya kuwa Kanisa laiogopa televisheni. Sivyo. Tarehe 8 Septemba 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliandika barua kwa Kanisa lote, iitwayo Miranda Prorsus, juu ya sinema, redio na televisheni. Alifundisha ya kuwa akili ya binadamu iliyobuni vyombo hivyo yatoka kwa Mungu. Akaonya pia kwamba vyaweza kumpotosha mtu apokeaye kila kitu bila kuchagua.

Mwaka 1958 Papa huyo huyo akamweka Mtakatifu Klara wa Assisi awe msimamizi wa televisheni. Sababu yake ni hii. Usiku wa Noeli wa mwaka 1252 Klara alikuwa mgonjwa kitandani, hakuweza kwenda kanisani. Naye Mungu akamjalia kuiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye. Aliyoyaona yalimwongezea upendo, akawasimulia masista wenzake kwa furaha. Hiyo ndiyo alama ya kwanza kwa mkatekumeni: baada ya kutazama mchezo, na aitazame roho yake, kama upendo umeongezeka au umepungua.

Tena tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iitwayo Inter Mirifica. Ulifundisha ya kuwa mtazamaji naye ana wajibu mbele ya Mungu: achague lililo jema, aepuke lenye kumwingiza katika dhambi, na wazazi wawaangalie watoto wao. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mchezo umenifanya hivi." Mchezo waonyesha, mtu ndiye achaguaye.

II. MUFWANKOLO WA LUBUMBASHI

Watu wa Katanga hawakuanza jana kujiona wenyewe katika michezo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilicheza miaka mingi katika redio na televisheni, kwa Kiswahili kile kile kisemwacho sokoni na katika kambi za wafanyakazi. Kiongozi wake, Odilon Kyembe Kaswili, alijulikana kwa jina lake la mchezoni, Mufwankolo, kuliko kwa jina lake lenyewe.

Wachezaji hao hawakukariri maneno yaliyoandikwa. Walishauriana kwanza juu ya habari yenyewe, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akasema kwa maneno yake, jinsi mume, mke, mzee au chifu asemavyo. Ndiyo maana watazamaji waliwatambua upesi. Mke wa mchezoni hakusema kama kitabu. Alisema kama mama wa nyumba ya tatu kutoka kisimani, mwenye mtoto mgongoni na sufuria motoni.

Mwaka 1986 kundi hilo lilitengeneza kwa ajili ya televisheni mchezo uliojengwa juu ya msemo mmoja, ya kuwa utawala huliwa mzima. Sehemu yake ilichezwa mbele ya wanakijiji wa Kawama, karibu na Lubumbashi. Mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990, naye aeleza jinsi wachezaji wenyewe walivyojadiliana juu ya maana ya maneno hayo. Mchezo huo ulihusu uchifu. Walakini msemo huo mkatekumeni aushike vizuri, kwa maana wanaume wengi huupeleka nyumbani. Husema mioyoni mwao: pesa ni yangu, neno ni langu, mlango ni wangu, mke asile hata kipande cha utawala huu. Na michezo ya nyumbani ya siku hizi, karibu yote, huzunguka swali hilo moja: Je, katika nyumba, utawala huliwa mzima?

III. NYUMBA ZA BAGAMOYO

Si Katanga peke yake iulizayo swali hilo. Kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, huko Tanzania, kuna mji uitwao Bagamoyo. Wakristu waukumbuka kwa sababu wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni huko mwaka 1868, wakawapokea watumwa waliokombolewa. Katika mji huo ndimo ulimowekwa mchezo wa televisheni wa Kiswahili uitwao Siri ya Mtungi, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2012. Wasimulia habari za kijana Cheche, mpiga picha, na mkewe Cheusi. Cheche ana mke na nyumba, lakini avutwa huku na huku na vishawishi. Karibu nao yumo Mzee Kizito, mtu mwenye wake zaidi ya mmoja.

Watazamaji wengi waliupenda mchezo huo kwa kuwa wanawake wake hawakuwekwa kama viti vya nyumba. Kila mke ana moyo wake, hofu yake na hesabu yake. Mke aliyenyamaza anyamaza kwa sababu; na aliyesema amekwisha kunyamaza muda mrefu.

Mkatekumeni ajue pia ya kuwa mchezo huo uliandaliwa kwa msaada wa serikali ya Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ili kufundisha mambo ya afya, kama vile UKIMWI na uzazi wa mpango. Uaminifu wa mume kwa mke mmoja, Kanisa limeufundisha tangu mwanzo. Juu ya njia za kuzuia uzazi, mafundisho ya Kanisa si sawa na ya mchezo, na mkatekumeni asione haya kumwuliza padre au katekista. Mtu mwenye busara akila samaki hamezi miiba, wala hatupi samaki kwa ajili ya miiba.

Hapa mwanamume mwenye wake wawili na asimame kidogo. Ajua ya kuwa ubatizo wamtaka awe na mke mmoja. Wako wanaodhani kwamba jambo hilo humalizika kwa kumfukuza mmoja wao asubuhi, na ndoo yake na watoto wake, kisha mume aende kanisani akiwa mweupe kama theluji. Sheria ya Kanisa haisemi hivyo. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, katika kanuni ya 1148, chataka mke wa kwanza na wengine walioachwa wapewe mahitaji yao kwa haki, kwa mapendo ya Kikristu na kwa usawa, na askofu wa mahali aliangalie jambo hilo. Yaani yule mwanamke ni mtu. Alipika, alizaa, alilia msiba pamoja na nyumba hiyo. Mungu apokeaye ubatizo wa mume ayaona pia machozi ya mke aliyetoka.

IV. MWANAMKE HUYU AMETOKA WAPI?

Basi turudi Shituru. Wanaume wasemao kwamba televisheni imeleta mwanamke mpya, na waitazame historia ya mji wao.

Kampuni ya Union Minière ilianzisha kiwanda cha Shituru mwaka 1929, wakati Likasi ikiitwa Jadotville, jina lililodumu mpaka mwaka 1966. Karibu na mwaka 1928 kampuni ilianza kupenda wafanyakazi wake wakae kambini pamoja na wake zao, ili wasirudi upesi vijijini. Mke alipewa posho kwa ajili ya mumewe, na watoto vivyo hivyo. Zilijengwa nyumba, shule, hospitali, na vyumba vya mafunzo ambamo wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto wachanga. Mambo mengi kati ya hayo yalikuwa mema. Walakini mke alihesabiwa katika jina la mumewe. Mume alileta mshahara, mke alingoja. Na mke mwema akawa yule ajuaye kungoja. Wengi walilima na kuuza vitu kidogo kidogo, lakini kazi yao haikuitwa kazi.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serikali, katika kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines. Mwaka 1986, mwaka ule ule wa mchezo wa Kawama, Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 haikufika hata tani 40,000. Mishahara ikachelewa miezi mingi. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuacha kazi kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kazini. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 2001, juu ya taabu ya jamaa hizo za wafanyakazi, akawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Na baba huyo ndiye kampuni.

Siku zile ni nani aliyeshika nyumba? Wakongwe wa Shituru wajua. Wanawake walikwenda mashambani kabla ya jua kutoka. Waliuza unga, makala, mboga, samaki wakavu na maandazi. Bukari iliyoliwa jioni na mume aliyekosa mshahara ilitoka katika kichwa cha mkewe kilichobeba mzigo. Televisheni haikumfundisha mwanamke huyo kitu. Alifundishwa na njaa ya watoto wake na nguvu ya mikono yake. Mchezo ulikuja baadaye, ukamwonyesha tu.

Sheria za nchi nazo zilichelewa nyuma yake. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano mbele ya sheria. Neno hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa hiyo, kwa miaka karibu thelathini, mama aliyelisha nyumba nzima kwa biashara yake alihesabiwa mbele ya karatasi kama mtu asiyeweza kujisemea.

V. MAANDIKO MATAKATIFU YAMJUA

Kama mtu aona haya kwa sababu mke wake auza sokoni, na afungue Kitabu cha Mithali, sura ya mwisho. Atamkuta mke asifiwaye na Mungu. Mke huyo aamka kungali giza, achunguza shamba na kulinunua, apanda kwa faida ya mikono yake, auza nguo alizozifuma, awafungulia maskini mkono wake. Na mumewe wamheshimu langoni mwa mji. Hajapunguzwa na kazi ya mkewe, amezidishiwa heshima.

Na afungue pia Matendo ya Mitume. Huko Filipi alikuwako Lidia, mwuza nguo za rangi ya zambarau. Bwana alimfungua moyo, akabatizwa yeye na nyumba yake, kisha akawakaribisha mitume kwake. Wako na Priskila na Akwila, mke na mume, mafundi wa kushona mahema. Walifanya kazi pamoja, wakamfundisha pamoja Apolo njia ya Mungu.

Wengine hujibu, "Lakini Mtume Paulo amesema mke amtii mumewe." Ni kweli, ila wamesoma mstari mmoja na kufunga kitabu. Kabla ya maneno hayo Mtume awaambia Wakristu wote watiiane wao kwa wao kwa ajili ya Kristu. Baada ya maneno hayo amwambia mume ampende mkewe jinsi Kristu alivyolipenda Kanisa, yaani mpaka kufa kwa ajili yake. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake Mulieris Dignitatem ya tarehe 15 Agosti 1988, ameeleza waziwazi ya kuwa utii huo katika ndoa ni wa pande zote mbili. Basi katika nyumba ya Kikristu utawala hauliwi mzima. Humegwa, kama mkate. Na Kristu mwenyewe, aliye Bwana, aliishika beseni na kuwaosha miguu wafuasi wake.

VI. MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuseme pana nyumba moja, na habari hii ni mfano tu. Mume na mke ni wakatekumeni wote wawili. Wameishi pamoja kwa desturi za wazee, na baada ya Pasaka wataka kufunga ndoa kanisani. Mume hupata kazi ya siku mbili tatu, kisha hukaa. Mke huuza makala. Kila jioni mume hunyosha mkono, na mke humpa pesa ya makala.

Jioni moja watazama mchezo. Ndani yake mke mmoja aficha noti katika mfuko wa unga. Mke wa nyumba acheka kwa sauti. Mume ainuka, azima televisheni, asema:

"Mchezo huu ndio unaokufundisha kunificha pesa."

Mke akaa kimya kwanza. Kisha asema taratibu:

"Baba wa watoto, sikufundishwa na mchezo. Nilianza kuficha siku ile mtoto wetu mkubwa aliporudishwa nyumbani kutoka shule ya sekondari kwa kukosa karo. Pesa yake nilikuwa nimekupa mkononi, na wewe ulirudi usiku ukinuka pombe."

Mume angeweza kufanya mambo mengi saa ile. Angeweza kumpiga, na majirani wangesikia. Angeweza kutoka na kurudi kule kwenye pombe. Yule wa mfano huu akaa chini. Akaa muda mrefu, kwa maana maneno ya kweli ni mazito. Halafu auliza:

"Umeficha kiasi gani?"

Mke aenda kuleta. Wahesabu pamoja juu ya mkeka: hii ya karo, hii ya unga, hii ya deni la makala, na hii kidogo ya sadaka. Mume asema, "Unisamehe." Mke naye asema, "Nami unisamehe, maana nilikuona kama mwizi wa nyumba yangu, nikaacha kukuambia neno."

Kesho yake umaskini wao ulikuwa ule ule. Lakini pesa ya makala ilikaa mahali palipojulikana na wote wawili.

Angalieni vema mfano huu. Kosa la mume ni kubwa: alikula utawala mzima, na karo ya mtoto pamoja nao. Kosa la mke nalo lipo, ingawa ni dogo na lina sababu: siri ilianza kuijaza nyumba, na siri ikikaa huzaa siri nyingine. Mchezo haukuwafundisha hata kosa moja kati ya hayo. Ulifanya kazi moja tu: ulionyesha noti katika mfuko wa unga. Mume alizima televisheni, na noti ilikuwa bado ipo nyumbani mwake.

VII. MAMBO AMBAYO MCHEZO HAUWEZI KUYAONYESHA

Baada ya kuusifu mchezo kwa ukweli wake, ni haki kutaja pia udhaifu wake, ili mkatekumeni asidanganyike.

Kwanza, mchezo hula ugomvi. Mume na mke wakipatana, habari imekwisha na watazamaji huenda kulala. Kwa hiyo mwenye kuutunga huchelewesha msamaha, huongeza mgeni, hufungua barua isiyo yake. Nyumba halisi haiwezi kuishi hivyo. Katika nyumba halisi msamaha waanza kazi. Baada yake kuna kupika, kulima, kuuguza, na kusameheana tena.

Pili, mchezo hupenda nguo nzuri na nyumba kubwa. Mke akitazama kila jioni aweza kuanza kumwona mumewe mdogo. Na mume akitazama aweza kuanza kumwona mkewe mzee. Tamaa hiyo ni mwizi aingiaye kwa njia ya macho.

Tatu, katika michezo mingi hakuna sala. Watu huoana, hulia, huzaa, hufa, na Mungu hatajwi ila kwa kiapo. Wakristu wajua ya kuwa katika arusi ya Kana divai iliwaishia, na Mama wa Yezu ndiye aliyeona upungufu huo, akamwambia Mwanae. Nyumba isiyo na Mgeni huyo, divai yake ikiisha, itamwambia nani?

Nne, yako majirani wanaotafuta ndani ya mchezo uso wa mtu fulani, kisha kesho kisimani husema, "Mke mwovu wa jana ni mama yule wa njia ya kiwandani." Huko ni kusengenya. Kioo hutundikwa ili mtu aone uchafu wa uso wake mwenyewe.

MASWALI NA MAJIBU

1. Je, ni dhambi kutazama michezo ya televisheni?
Si dhambi, kama mchezo hauvuti kwenye uovu na kama kazi, sala na watoto havikuachwa kwa ajili yake. Mkatekumeni achague, wala asichaguliwe na mchezo.

2. Je, mke afanyaye biashara amevunja heshima ya mumewe?
Hapana. Maandiko Matakatifu yamsifu mke wa namna hiyo. Heshima ya mume huvunjwa na uvivu, ulevi na uongo wake mwenyewe.

3. Mume Mkristu ni kichwa cha nyumba kwa namna gani?
Kwa namna ya Kristu, aliyetumikia na kutoa maisha yake. Kupiga, kunyang'anya na kudharau si ukichwa.

4. Pesa ya nyumba ni ya nani?
Ni ya nyumba. Apatapo mume na apatapo mke, wahesabu pamoja mbele ya Mungu, na mahitaji ya watoto yaja mbele.

5. Mkatekumeni mwenye wake wawili afanye nini?
Amwendee padre mapema, pamoja na katekista wake, kabla ya kuamua kwa hasira au kwa haraka. Asimfukuze mtu. Akumbuke kwamba haki ya yule atakayeachana naye ni sehemu ya maandalizi yake ya ubatizo.

NIA NJEMA YA MWEZI HUU

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alizoea kuwafundisha watu wa ndoa maneno matatu, akayaweka pia katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016: la kuomba ruhusa, la kushukuru, na la kuomba msamaha. Ni maneno mafupi, mtoto aweza kuyajua. Walakini ziko nyumba ambamo mume hajapata kumwambia mkewe hata moja kati yake kwa miaka kumi.

Basi kila mkatekumeni aliye na mke, na kila mama aliye na mume, ashike nia hii mpaka somo lijalo. Mchezo wa jioni ukiisha, kabla ya kulala, wazime televisheni, wakae kitambo, na kila mmoja amwulize mwenziwe: "Leo ni neno gani langu lililokuumiza?" Ajibiwaye asijitetee. Kisha wapige alama ya msalaba, wasali Baba Yetu pamoja, na mahali pa kuombea msamaha wapunguze mwendo, wayatafakari maneno hayo.

Mtakatifu Klara awaombee wote watazamao. Mtakatifu Yosefu, aliyepata riziki kwa kazi ya mikono yake, na Bikira Maria, aliyeshika nyumba pamoja naye huko Nazareti, wazilinde nyumba za Shituru.